Kengele Chini ya Kitako cha Bunduki

Hakuna bunduki duniani inayoweza kunishangaza. Nasema hivyo nikiwa nimekaa, kikombe cha chai mkononi, bila haraka. Kwa miaka thelathini na moja nimezifungua na kuzifunga, nimezikuta na mchanga, na kutu, na manyoya ya paka, na mara moja nilikuta meno ya bandia ndani ya kile kishimo cha kitakoni ambamo watu huweka kopo la mafuta. Sikushtuka. Nilimpigia simu mwenye mali nikamwambia, "Muulize baba yako, tangu lini anakula uji?"

Ninyi watatu mliobaki karakana, yaani Innocent na Patience wa Bukavu, na Salim wa Mombasa, ndio mlioniomba niandike haya kabla sijasahau. Sisahau kitu, lakini nimekubali. Nimeandika kwa mkono, Salim akapiga chapa na kuninyooshea ngeli. Sentensi nzuri ni zangu. Makosa mpelekeeni Salim.

Habari za mishahara na vyeo sitaandika. Karakana yetu ya Molenbeek, Brussels, ilikuwa na vyeo viwili tu, patron, yaani mwenye karakana, na wengine wote, na mimi nilikuwa wengine wote tangu siku ya kwanza hadi mgongo uliponiamuru nistaafu nikiwa na miaka hamsini na minane.

Nilizaliwa Uvira. Shule niliachia darasa la tano, na hilo la tano hatukuagana vizuri. Kila nilicho nacho nimejitengenezea mwenyewe, kama mtu anayejishonea suruali: hapa inabana, pale inapwaya, lakini natembea nayo barabarani kifua mbele. Nilifika Brussels na miaka ishirini na saba, nikasikia kuna karakana ya bunduki karibu na mfereji inatafuta mtu wa kufagia. Nikaenda. Nikapewa ufagio.

Siku hiyo ya kwanza nilifagia vumbi la chuma mpaka mchana. Nilipofika kulimwaga, nikaona linametameta vibaya. Nikachutama, nikalichambua kwa vidole, nikatoa skrubu ndogo arobaini na tatu zilizoanguka chini ya meza kwa miaka. Nikazipanga juu ya gazeti kwa ukubwa, kisha kwa aina ya meno. Sikuwa nimeambiwa na mtu. Aliyekuja kunisimamia kichwani alikuwa fundi mkuu, Papa Armand, mzee wa upande wa Liège, mikono minene kama mikate, masharubu yamegeuka manjano kwa tumbaku. Alizitazama zile skrubu kwa muda. Akachukua ufagio mkononi mwangu, akaniwekea tupa.

Msifikiri nilianza na bunduki. Nilianza na kipande cha chuma cha ukubwa wa sabuni. "Kifanye mraba," akasema. Basi. Pande sita, zote sawa, kwa tupa ya mkono. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ilikuwa miezi minne. Kila jioni alikuwa akija na bikari yake na kuuliza kwa Kifaransa, imeisha? Na mimi, Kifaransa changu kikiwa bado kwenye sanduku, nilijibu kwa kilichokuwa mdomoni: "Bado, Papa." Wiki ya tatu akaacha kuuliza. Akawa anaingia, anapima, anatikisa kichwa, anasema mwenyewe: "Bado." Hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilowahi kulijua maishani, mtu ambaye hakukanyaga Afrika hata uwanja wa ndege, na alilitumia vizuri kuliko mabalozi.

Chakula changu mwaka ule kilikuwa sadini. Kopo jekundu lenye samaki wa manjano, kila mchana, na mkate. Sikuwa na nafasi ya kuchagua. Nililila kopo lile mpaka paka wa mtaa wakanijua kwa jina.

Sasa nieleze desturi mbili za karakana ile, kwa sababu bila hizo hamtaelewa kilichonipata mwezi uliopita.

Ya kwanza ni alama. Kila fundi alikuwa na chapa yake ndogo ya chuma, ya ukubwa wa punje ya mchele, na kila bunduki aliyoimaliza alifungua bamba la kitakoni, akaigonga alama pale ndani ya mbao, pasipoonekana. Mteja hakuambiwa. Ilikuwa siri baina yetu na fundi atakayeifungua baada yetu. Papa Armand alikuwa na kengele. Mwanafunzi hakuwa na alama. Kazi yake ilikaguliwa na mkuu, na mkuu akiridhika aligonga ya kwake, na tangu hapo kazi ile, nzuri au mbaya, ni yake. "Anayegonga ndiye anayejibu," alisema. Mimi chapa yangu nilipewa mwaka wa tatu. Nilichagua taji. Papa Armand alilitazama lile taji, akanitazama mimi, akasema, "Bado." Lakini aliniachia.

Ya pili ni sheria ya kasoro. Mtu akituita tumkagulie bunduki ya kununua mkononi mwa mtu mwingine, tulikagua mbele ya muuzaji, kwa sauti. Kila kasoro ya kweli inakata euro hamsini kwenye bei. Lakini ukitaja kasoro isiyokuwapo, bei inapanda kwa kiasi kile kile. Papa Armand aliitunga sheria hii dhidi ya mafundi wenye midomo mirefu. Sijui alikuwa akimfikiria nani.

Kwa sheria hiyo nilipata jina. Kwenye klabu ya walenga shabaha waliniita Jicho. Nilikuwa naingia uwanja wa shabaha Jumamosi na watu wananisogezea visanduku vyao kama wagonjwa kwa daktari.

Mteja wangu wa kwanza mgumu alikuwa Wanjiru, Mkenya, mwanamke wa ofisini aliyekuwa akikaa Evere, jirani yangu, na mlengaji hodari kuliko wanaume wengi wa klabu. Alitaka nusu otomatiki ya sura ya kijeshi kwa mashindano ya mita mia. Akanipeleka kwa mtu aliyekuwa na moja inang'aa kama sufuria ya harusi.

"Deo, si iko clean sana?" akaniambia. "Angalia hiyo rangi."

"Naiona. Ndiyo inayonitia wasiwasi."

Nikamwonyesha maandishi yaliyochongwa ubavuni. Herufi za kiwandani zina kingo kali, ukipitisha ukucha unakwama. Zile zilikuwa laini kama zimelambwa. Maana yake mtu alisugua chuma chote kwa msasa, kisha akaipaka rangi mpya. Na mtu hasugui chuma chote kwa sababu kimependeza. Tukashusha kitambaa cheupe mbele ya chemba, kile chumba cha risasi, nikamulika mtutu kutoka mdomoni: ndani vishimo vya kutu kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Wanjiru akafunga mkoba wake.

"Ungenunua," nikamwambia, "ungekuwa umenunua rangi, na bunduki wamekupa ya bure."

Kwa hiyo vijana, kwanza chagueni kazi, ndipo mchague bunduki. Ya kulenga mita mia kwenye karatasi si ile ya kubeba siku nzima shambani kwa nguruwe pori. Mteja akisema anataka ile ya kwenye filamu, mpe kahawa kwanza. Kisha muulize mabega yake, urefu wa mikono yake, jicho analofungia. Bunduki nzuri isiyomkaa begani ni kama kiatu kizuri cha mtu mwingine.

Na kabla ya yote, karatasi. Ndiyo, mimi ndiye nasema hivyo, mimi ninayesoma kwa kufuata herufi na kidole. Namba iliyo kwenye karatasi iwe ndiyo iliyo kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, kwenye mwili, kwenye mtutu, kwenye komeo. Alama za majaribio za Liège, zinazogongwa mtutu ukishapimwa nguvu, ziwepo. Na bunduki iwe imezaliwa ya kiraia. Mara moja aliniletea mtu mmoja iliyozaliwa ya jeshi, kisha ikafinywafinywa ionekane mpole. Sitaeleza niliijuaje, anayepaswa kujua anajua. Nilifunga sanduku, nikamwambia aipeleke polisi yeye mwenyewe leo hii, au nitaipeleka mimi na jina lake. Aliipeleka yeye. Patron alinipa siku ya mapumziko, nikalala.

Karatasi zikikaa sawa, mkono unaingia kazini. Toa magazini, vuta komeo, tazama chemba, ingiza kidole, hata kama mwenye mali ameapa kwa mama yake kwamba haina risasi. Hasa kama ameapa. Kisha vichwa vya skrubu: vikiwa vimetafunwa, kuna mtu alipita na bisibisi ya jikoni. Mdomo wa mtutu: ukiwa umelika upande mmoja, kuna mtu alisafisha kwa fimbo ya chuma bila adabu. Komeo, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, tazama meno yake mawili kama yanagusa sawa pande zote. Geji, kile kipimo cha chemba, ni lazima. Asiye na geji anakisia, na mtu asikisie mlipuko ulio karibu na shavu lake. Pistoni iteleze kwa uzito wake. Triga ivutike mara ishirini kwa namna moja. Kisha, mwisho, toa chuma kwenye mbao, kwa sababu kila aibu ya fundi huzikwa kwenye mbao.

Hayo nilijifunza, nikayafundisha, nikazeeka nayo. Lakini bunduki yangu mwenyewe sikuwahi kuwa nayo. Mpishi niliyelala na njaa miaka thelathini na moja. Mke wangu, Maman Faida, alikuwa na jibu moja: "Siku utaacha kuishika kazini, ndiyo siku bunduki itaingia humu. Moja. Na kabati yake ya chuma, na ufunguo nabeba mimi."

Ijumaa ya mwisho nikavua aproni. Klabu nzima nilikuwa nimeitangazia: ya kwanza ya Jicho itanunuliwa kwa jicho, na itakuwa haina aibu hata moja ndani yake. Nilisema hivyo mara nyingi, kwa lugha tatu.

Jumamosi ile ile Monsieur Gilbert alileta ya kwake uwanjani, kwenye gari lake, sanduku limefungwa kufuli. Monsieur Gilbert ni mzee wa Ganshoren, Mbelgiji, zamani alikuwa bwana shamba wa chai kule Kivu, na Kiswahili chake ni cha Bukavu kuliko cha Innocent. Macho yamechoka, halengi tena. Alitaka euro elfu moja mia nne. Mille quatre cents, na bunduki imfikie mtu atakayeitumia. Nusu otomatiki ya miaka mingi, mbao za mjozi, sura ya kijeshi, kiraia tangu kuzaliwa, karatasi zote. Nilipoiona tu mabega yangu yaliipenda. Uso sikuuachia.

Na ninyi watatu mkaja kutazama. Nakumbuka mlivyojipanga, kama watu waliokata tiketi.

"Papa Deo," akasema Monsieur Gilbert, "sheria ni ile ya zamani, hein? Kasoro, cinquante. Na kama unadanganya, inapanda."

"Monsieur Gilbert, andaa mfuko. Leo utarudi Ganshoren kwa miguu."

Karatasi sawa, namba sawa. Nikaanza. Skrubu mbili za mbele zimetafunwa: hamsini. Kilengeo cha nyuma kinacheza: hamsini. Spring ya magazini imechoka: hamsini. Mdomo wa mtutu una mkwaruzo, mdogo, lakini upo: hamsini. Monsieur Gilbert alichungulia kila moja kwa lenzi yangu, akakubali. Tukawa kwenye elfu moja mia mbili. Komeo safi, chemba safi, ndani ya mtutu kioo kitupu. Moyoni nilikuwa nacheza.

Nikatoa chuma kwenye mbao.

Nyuma kabisa, pale mwili wa bunduki unapokaa juu ya mti, palikuwa na kipande cha bati. Kimekatwa kwa mkasi, kingo zimepindapinda, kimesukumizwa pale kuziba nafasi ili chuma kisicheze. Mahali hapo fundi anayejiheshimu hubandika kijibao cha mti ule ule, kwa gundi, anachonga, anasubiri, anachonga tena. Kazi ya siku mbili. Huyu aliweka bati.

Nilicheka mpaka watu wa meza nyingine wakageuka.

"Njooni muone! Innocent, Patience, njoo wewe Salim! Mchinjaji huyu! Mbuzi wake walikufa kwa cheko! Monsieur Gilbert, hii si ya hamsini. Hii ni ya mia, na bado nakuhurumia."

"Mia?" akasema mzee. "Eh, Papa Deo, weye iko mukali. Ni nani alifanya?"

"Tutamjua sasa hivi. Kila mwizi ameacha kidole. Patience, fungua bamba la kitako. Tumsome jina, tumzike."

Patience akafungua skrubu mbili. Akainamisha kitako kwenye mwanga. Akanipa.

Ilikuwa kengele.

Vijana, ninyi mlikuwapo, lakini hamkuwa ndani ya kifua changu. Kengele ya Papa Armand, ambaye nimewahubiria miaka yote, ambaye nimewaambia hakuwahi kutoa kazi iliyopinda hata unywele. Innocent akachungulia juu ya bega langu.

"Vieux... hii haiko ya Papa Armand?"

"Ni ya kwake."

"Basi na yeye alikuwa anachoka kama bantu bote," akasema Monsieur Gilbert, akacheka, wala si kwa ubaya. "Ni sawa. Mia, nakubali. Onze cents. Chukua."

Elfu moja na mia moja. Bunduki ninayoipenda, bei ambayo klabu ingeisimulia miaka kumi, na kasoro yenyewe imeandikwa jina la marehemu asiyeweza kujibu. Nilichohitaji ni kufunga mdomo, kitu ambacho, kusema kweli, sijawahi kukifanyia mazoezi.

Nikalitazama tena lile bati. Upande wa juu umesuguliwa na chuma miaka yote hiyo, mweupe. Nikaligeuza. Chini kulikuwa na wekundu, na kwenye ukingo, mkia mdogo wa samaki wa manjano.

Nikaijua saa hiyo hiyo. Majira yangu ya kwanza ya baridi, Papa Armand aliniachia bunduki inayocheza kwenye mbao, akaniambia nibandike kijibao. Jioni ile kulikuwa na dansi Matonge, mtaa wa Waafrika pale Brussels, na mimi nilikuwa na shati jipya. Nikachukua kopo la mchana, nikalikata, nikalisukumiza, nikafunga. Asubuhi yake nikamwambia, imeisha, Papa. Alikaa nayo kitambo pale nyuma, akairudisha kwa patron, hakunisema neno. Nilifikiri nimemshinda. Nilifikiri hivyo kwa miaka thelathini.

"Kuna maandishi," akasema Patience. "Chini ya kengele. Ya kalamu ya risasi." Akasogeza uso. "B, a, d, o. Bado. Kisha Kifaransa: mais ça tire."

Salim akakunja uso. "Mzungu wa Liège akaandika *bado*? Wallahi mzee, alijifunzia wapi?"

Bado, lakini inapiga. Aliliona bati. Aliifungua, akaipeleka uwanjani akaipiga, akaona inapiga, akagonga kengele yake juu ya uongo wangu, akauchukua uwe wake. Na akaniandikia mimi, kwa neno letu, mahali ambapo alijua siku moja, nikiwa fundi wa kweli, nitafungua.

"Sikilizeni," nikasema. "Mchinjaji ni mimi."

Hamkunielewa. Nikalazimika kueleza yote, dansi, shati, sadini, mbele ya klabu iliyokuwa imesogea. Sauti yangu ilikuwa ndogo kwa mara ya kwanza tangu mnijue. Nilipomaliza, Innocent alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatetemeka.

"Mbuzi wake walikufa kwa cheko," akasema kwa taabu. "Tonton! Wewe mwenyewe!"

"Kwa hiyo ile mia naiondoa," nikamwambia Monsieur Gilbert. "Siwezi kupunguziwa bei kwa uchafu wangu. Elfu moja mia mbili."

Mzee alikuwa anapangusa macho. "Attends, ngoja kwanza. Papa Armand anasema inapiga. Weye unasema ni kasoro. Ni nani anasema kweli?"

"Tupige basi," akasema Patience. "Na bati, kisha bila bati. Mita hamsini, risasi tano-tano."

Nikapiga. Nililitoa bati kwanza, kwa ubishi. Risasi tano zikatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, ungeweza kuzifunika kwa sahani ya wali. Nikalirudisha bati la sadini mahali pake, kingo zake mbaya zote, nikakaza skrubu, nikalala kwenye mkeka tena. Tano. Patience akaenda kuleta karatasi, akarudi anatembea polepole makusudi. Akaifunika kwa kifuniko cha chupa ya Fanta. Kilibaki na nafasi.

"Bon," akasema Monsieur Gilbert, akikunja mikono. "Hiyo haiko kasoro. Hiyo iko dawa. Umetaja kasoro ya mia ambayo haiko. Sheria inasema nini, Papa Deo?"

Sheria ilisema bei inapanda kwa kiasi kile kile. Nilikuwa nimeipigania sheria ile dhidi ya mafundi wa nusu ya Brussels. Nikatazama huku na huku nitafute wakili, nikamwona Salim tu, na Salim alikuwa akihesabu kwa vidole kwa furaha.

"Elfu moja mia tatu, mzee."

"Nimesikia, Salim."

Nikampa Monsieur Gilbert mkono. Bunduki ilirudi kwenye sanduku lake na ikalala Ganshoren hadi serikali iliporudisha karatasi zangu, maana kupenda si ruhusa. Siku ile ile lakini nilivuka barabara hadi dukani, nikanunua makopo matano ya sadini, senti mia na themanini na tano kila moja, na mikate miwili ya euro moja na senti thelathini, tukala watano nyuma ya gari la mzee. Kopo siku hizi ni la bluu. Ladha ni ile ile, ya mtu anayewahi dansi. Monsieur Gilbert alilamba vidole akasema Kivu walikuwa nazo bora zaidi, jambo ambalo si kweli.

Karatasi zilipotoka nikaenda kuichukua. Maman Faida akafungua kabati, akaitazama juu mpaka chini. "Ndiyo hii? Ile haina aibu?"

"Ina moja," nikamwambia. "Ni yangu."

Kabla hajafunga nilifungua bamba la kitako. Kengele nikaiacha ilivyo, na maandishi nikayaacha. Kando yake, kwa upole, nikagonga taji langu, ili fundi atakayeifungua baada yangu ajue pa kuja kulalamika. Bati sikuligusa, na yeyote kati yenu atakayelibadilisha nikifa, nitarudi.

Hakuna bunduki inayoweza kunishangaza, hilo bado nalisema. Ila kama mtaulizwa klabuni ile ya Jicho ilimgharimu kiasi gani hatimaye, msiongeze chumvi, semeni ukweli, na sadini na mikate ikiwemo: euro elfu moja mia tatu kumi na moja na senti themanini na tano.